Pipa la Papa Alphonse Halikulogwa

Nakumbuka mchana mmoja hata kwa harufu ya sabuni iliyokuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nafua. Tonton Gaspard, mkubwa wa ukoo wa mume wangu, alikuwa amekaa katikati ya ua wetu, kwenye kiti chetu, amemaliza chai yetu. Kando yake walikaa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, na wazee wengine, na nyuma yao majirani waliokuja kutazama. Tonton akafuta midomo, akanyoosha mkono, akamshika binti yangu Sifa kwenye kiwiko jinsi mtu anavyomshika kuku aliyekwisha kumnunua. Akasema, "Bon. Huyu tunamupeleka chumba ya maombi leo. Hatakula, hatakunywa, mpaka atatapika ile kitu iko nayo ndani."

Sifa ana miaka minane. Hakulia. Alinitazama tu.

Subira yangu ilikatikia hapo. Haikukatika kwa kishindo kama wanavyosimulia watu. Niliisikia ikikatika taratibu, kama kamba ya kuanikia nguo. Nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikasema, "Tonton, achia mkono wa mtoto."

"Mama Sifa, tuliza roho. Sisi tuko familia."

"Achia kwanza. Familia baadaye."

Mwanangu, wewe unayesoma, binti au kijana, popote ulipo, najua nasaha ni kazi ya wazee. Mwenye kutoa nasaha awe na mvi, awe na fimbo, awe amezika wenzake. Mimi sina mvi hata moja na meno yangu yote yapo. Lakini wazee wa avenyu yetu walikuwa wamekaa pale, wakaona mtoto anashikwa, wakatazama vidole vya miguu yao. Mzee akinyamaza mahali pa kusema, kiti chake kiko wazi. Mimi nimekikalia. Asiyependa aje aniondoe.

Sasa nikueleze kisa kilianzia wapi, maana hasira isiyoelezwa ni kelele tu.

Nimelelewa na bibi yangu, mama yake mama, mtu wa mtoni upande wa Isangi. Sisi huku bibi tunamwita koko. Koko wangu alikuwa anapika lotoko, ile pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo kila mtu anaikataa mbele ya kanisa na kila mtu anajua inapouzwa. Sina aibu nayo. Lotoko ndiyo iliyonivalisha sare ya shule, nyeupe na bluu, mpaka nikamaliza sekondari. Anayetaka kucheka acheke, na baada ya kucheka aniambie yeye alisomeshwa na maombi ya nani.

Lotoko inapikwa hivi. Uji wa mahindi uliochacha unatiwa ndani ya pipa la chuma, pipa linawekwa juu ya moto, linafunikwa. Kwenye kifuniko kuna tundu, kwenye tundu kuna bomba, na bomba linapita ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa maji ya baridi. Mvuke unatoka pipani, unapita bombani, unakutana na baridi, na upande wa pili unatoka tone kwa tone ndani ya chupa. Pale kifuniko kinapokutana na pipa, na pale bomba linapoingia kwenye kifuniko, kuna nafasi. Nafasi hizo Koko alikuwa anaziziba kwa unga wa muhogo uliokandwa. Fufu, basi. Fufu ile ile ya kula.

Fufu haizibi vizuri. Moto ukikolea, mvuke unapata kijinjia, pipa linaanza kupiga mluzi, *sssii*, na harufu ya pombe inazagaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa na umri kama wa Sifa kuzidi kidogo, na mluzi ule uliniudhi. Niliona mali inapotea hewani. Basi mchana mmoja Koko alipokwenda kuteka maji, nilichukua mpira wa ndani wa tairi la toleka, ile baiskeli ya kubebea abiria, nikaukata ukanda mrefu, nikauzungusha kwenye kifuniko juu ya fufu, nikaukaza kwa waya mpaka pipa likanyamaza. Nikajiona mhandisi.

Koko alirudi, akasimama na ndoo kichwani. Alishusha ndoo, akachomoa kuni zote zinazowaka chini ya pipa, akazimwagia maji. Akasubiri. Ndipo akakata ule mpira kwa kisu, akiwa amesimama upande, uso ameugeuzia kule. Pipa lilitema mvuke kama limetukanwa. Kisha akanigeukia.

"Unataka kuniua na akili yako?"

"Koko, ilikuwa inapoteza."

"Iache ipoteze. Iache ilie. Pipa yenye inalia haina neno. Uogope ile yenye imenyamaza."

Akanipiga kofi moja la mgongoni, si kubwa, la kunikumbusha tu kwamba bado nipo duniani. Halafu akaniambia neno ambalo nimelitembeza maisha yangu yote. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Koko akasema, "Ni kweli. Lakini iko ufa ingine, ukiiziba, ndiyo utajenga ukuta, na nyumba, na jeneza pia."

Koko hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba ni hivyo. Ile kwa nini niliikuta darasani, miaka baadaye, siku mwalimu wa fizikia alipochora viduara ubaoni na wenzangu wakaanza kusinzia. Mimi sikusinzia. Niliona pipa la Koko ubaoni.

Sikiliza, mwanangu, maana hili ndilo walilokataa kulisikia kwenye ua wangu.

Kila kitu kimeundwa na chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba jicho halina la kusema, na chembe hizo hazitulii hata mara moja. Kwenye kitu kigumu, tuseme chuma cha pipa, zimeshikana kila moja mahali pake, zinatetemeka tu, kama watu waliobanana kwenye benchi la kanisa siku mahubiri yanapokuwa marefu. Wanajigeuza, hawatoki. Kwenye maji zinabanana vilevile lakini zinateleza, moja inapita kando ya nyingine, kama watu kwenye soko la Tshopo asubuhi: unasonga, unasukumwa, unafika. Kwenye mvuke kila moja imekwenda zake, mbio, haina mwenzake, inagonga kila inachokutana nacho, kama watoto wakitolewa shule. Na joto unaloliogopa si kitu kingine kinachoingia. Joto ni mbio za chembe. Ukiongeza kuni, unaziongezea mbio. Ukimwaga maji ya baridi, unazipunguzia.

Ndiyo maana uji unakuwa mvuke, na mvuke ukifika kwenye mtumbwi wa maji baridi unachoka, chembe zinakaribiana tena, zinakuwa tone. Hakuna kilichozaliwa pale na hakuna kilichokufa. Ni watu wale wale, wametoka shuleni wakaingia sokoni.

Koko alikuwa na mchezo mwingine. Akitaka kujua kama lotoko ni kali, anadondosha tone la mawese kwenye glasi. Kwenye maji, mawese yanaelea, kila mpishi anajua. Kwenye lotoko ya kwanza kutoka, ile kali, mawese yanazama. Kwenye ile ya mwisho, iliyojaa maji, yanaelea tena. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni uzito wa kile kilicho chini yake: glasi moja ya maji ina uzito mkubwa kuliko glasi moja ya pombe kali, na tone la mafuta liko katikati yao. Wateja walikuwa wanaapa kwamba Koko ana dawa. Koko anawaacha waape, wananunua.

Na mluzi je? Mvuke ulio ndani ya pipa unagonga kuta, kila chembe inagonga na kurudi, bila kupumzika. Kugonga huko ndiko kunaitwa shinikizo. Moto ukizidi, zinagonga kwa nguvu zaidi, na mpya zinazidi kutoka kwenye uji kuja kugonga nazo. Zikikosa pa kutokea, hazitakaa zikuonee huruma. Zitapita palipo dhaifu. Kama palipo dhaifu ni fufu, fufu inatoka, unafuta, unakanda nyingine. Fufu ilikuwa mlango. Ukiweka kitu kigumu kuliko chuma chenyewe, basi umeliambia pipa likufanye wewe kuwa mlango.

Haya ndiyo niliyokuwa namfundisha Sifa jikoni, jioni kwa jioni, sufuria ya pondu, yale majani ya muhogo, ikiwa motoni na kifuniko kikicheza. Anauliza, "Mama, ni nani anasukuma kifuniko?" Namwambia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi sikutaka akue akiogopa sufuria.

Basi, nyuma ya ukuta wetu kuna Papa Alphonse. Naye anapika lotoko. Sikuwahi kumlaumu kwa hilo, ningeanzaje. Lakini Papa Alphonse aliudhiwa na mluzi, kama mimi nilivyoudhiwa nikiwa mdogo, ila yeye hakuwa na koko wa kumchomolea kuni. Akakoroga saruji. Akapiga saruji kifuniko kizima, kuzunguka, na bomba nalo akalipiga saruji, akajisifu kwa majirani kwamba sasa hata harufu haitoki. Niliposikia nilikwenda mwenyewe kumwambia. Alinicheka.

"Mama Sifa, wewe unajua pondu. Lotoko iko kazi ya wanaume."

"Koko yangu alikuwa mwanamume?"

"Kwenda, mama. Uko na maneno mingi kama redio."

Nikaenda kwa shefu wa avenyu. Shefu akasema ataangalia. Sijui aliangalia nini.

Siku ya mkasa nilikuwa sokoni. Sifa alikuwa ametoka shule, amepita kwa jirani kufuata mpira wake. Akaona moto mkubwa chini ya pipa, na kwenye chupa hakudondoki kitu. Uji ulikuwa umepanda ukaziba bomba. Hilo linatokea, mahindi yanavimba. Pipa kimya. Tone hakuna. Mtoto akamwambia Papa Alphonse, kwa adabu, mikono nyuma, jinsi nilivyomfundisha: "Papa, pipa yako imenyamaza. Itapasuka."

Papa Alphonse akamfukuza kwa kipande cha kuni. "Mutoto wa juzi anafundisha mukubwa?"

Sifa akakimbia nyumbani. Hakuwa amefika mlangoni, pipa likapasuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Papa Alphonse hakusikia la mdogo, akaungua miguu yote miwili. Mungu ni mwema, hakufa, wala mwingine hakuumia. Paa la jiko lake lilikwenda. Na kile kifuniko, chenye saruji yake bado imekishika ukingoni, kiliruka ukuta na kutua kwenye ua wetu, kando ya jiwe ambalo Sifa hukalia akiosha vyombo. Nilipofika nikalitazama lile jiwe, kisha kifuniko. Nilikiokota na kukiweka chini ya kitanda.

Ungedhani watu watasema, mtoto alionya, mkubwa hakusikia. Hapana. Ilipofika jioni avenyu nzima ilikuwa na swali moja: alijuaje? Mtoto wa kike, mdogo, anasimama mbele ya pipa zima na kusema litapasuka, na linapasuka. Ndoki. Mchawi. Neno dogo, na wewe mwanangu unajua katika mji wetu neno hilo linawapeleka wapi watoto. Linawapeleka kwenye vyumba vya kufungiwa bila chakula. Linawapeleka barabarani, kulala chini ya meza za soko.

Na Papa Alphonse, akiwa amelala na majani ya mgomba miguuni, hakukataa. Kwa nini akatae? Kama si ndoki, basi ni saruji, na saruji aliikoroga nani? Nimekuja kugundua kwamba uchawi ni shamba ambalo kila mzembe anazika humo kosa lake, halafu anamwita mtoto alipalilie.

Watoto wakaacha kucheza na Sifa. Mwenye duka la kona akaanza kupokea noti yake kwa ncha za vidole. Sifa naye akaanza kupunguza maneno, mtoto aliyekuwa anaongea hadi na mbuzi. Asubuhi moja nikiwa namsuka aliniuliza bila kugeuka, "Mama, kama ningenyamaza, pipa ingebaki mzima?"

Nilisimamisha mikono. Hapo nilielewa kwamba wameshaingia ndani ya nyumba yangu bila kupiga hodi. Mtoto wangu alikuwa ameanza kuamini.

Nikamwambia, "Ungenyamaza, ingepasuka vilevile, na wewe ungekuwa umesimama karibu nayo." Akasema ndiyo, mama. Lakini ndiyo yake ilikuwa ya kuniridhisha mimi.

Huyo ndiye mtoto aliyekuwa ameshikwa kiwiko mchana ule, sabuni ikiwa bado mikononi mwangu.

Tonton aliachia, kwa sababu nilimkaribia sana. Nikamvuta Sifa nyuma yangu. Tonton akawageukia wazee akasema ile methali yao: "Lisemwalo lipo. Kama haliko, linakuja. Avenyu mzima inasema. Mutoto alijua namna gani?"

"Nilimufundisha mimi," nikasema.

"Ulimufundisha ndoki?"

"Nilimufundisha fizikia. Tonton, ile chupa yako ya maji iko tupu?"

Ilikuwa chupa ya plastiki, amekuja nayo mwenyewe, iko miguuni pake. Nikaichukua. Birika la maji ya chai lilikuwa bado linatoa mvuke. Nikamimina maji ya moto kidogo ndani ya chupa, nikaitikisa ikajaa mvuke, nikamwaga maji yote, nikaifunga kizibo haraka, nikaiweka kwenye beseni langu la kusuuzia, lenye maji baridi. Nikarudi nyuma, mikono juu, wote waione.

Chupa ikalia *krak*. Ikabonyea ubavu mmoja, halafu wa pili, ikajikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. Hakuna aliyeigusa. Mama mmoja akaita jina la Yesu. Shefu wa avenyu akavuta kiti chake nyuma.

"Alors," nikasema, "nimeiloga? Nimeiloga mchana, mbele ya serikali?"

Nikaitoa chupa majini.

"Mvuke uliokuwa ndani umepata baridi, umekuwa matone machache. Ndani zimebaki chembe chache za kugonga. Nje, hewa hii tunayovuta inaendelea kugonga kama kawaida. Wa nje wamewashinda wa ndani. Ni vita ile ile ya pipa, ila pale wa ndani ndio walioshinda. Anayetaka kuwa ndoki aje, birika bado lina moto."

Aliyekuja ni Mama Chantal, muuza samaki wa moshi, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto. Alileta chupa yake, akafanya nilivyofanya, akaitumbukiza. *Krak.* Akaiinua juu, akawaonyesha.

"Bon, na mimi niko ndoki sasa. Miaka yote hii, na hakuna mutu alinilipa."

Watu wakacheka. Hata mzee mmoja akacheka, akajikohoza. Na mimi, mjinga, nilidhani nimeshinda. Niliamini ukimwonyesha mtu kitu kwa macho yake, imekwisha. Mwanangu, haiishi. Tonton Gaspard aliusubiri ule mcheko upite, kama mtu anayengoja mvua chini ya paa, kisha akasema kwa upole, "Ya chupa iko ya chupa. Ya mutoto iko ya mutoto. Jumapili tunakuja kumuchukua. Nimeshaongea na watu wa maombi." Shefu akatikisa kichwa akasema haya ni mambo ya familia, yeye alikuja kwa ajili ya amani. Wakanyanyuka. Kiti chetu wakakiacha kimelala chini.

Jioni ile mume wangu alipiga simu. Yeye ni mtu wa mashua, yuko upande wa Opala kufuata mpunga, na habari zilishamfikia kupitia kwa tonton mwenyewe.

"Mama Sifa, nasikia umemuaibisha tonton."

"Nasikia anataka kumfungia binti yako bila maji. Hilo hukulisikia?"

Nikausikia mto nyuma yake, na watu wanaopakia magunia.

"Ungoje nirudi. Tutaongea polepole. Tonton iko mukubwa wetu."

"Ukirudi Jumapili itakuwa imepita."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kuandika."

"Kuandika nini? Dhidi ya familia?"

Sikumjibu vibaya. Ni mwanamume mwema, alilelewa kuogopa viti vya wakubwa. Nilimwambia tu kwamba yeye amwombee mtoto na mimi nitaandika, na kila mmoja wetu atakuwa amefanya anachokiweza. Kisha nikakata.

Kesho yake asubuhi nilivaa nguo zangu za kanisa, nikamshika Sifa mkono, nikakitoa kile kifuniko chini ya kitanda na kukibeba kichwani. Nilipita mbele ya nyumba ya Papa Alphonse taratibu ili kila mtu akione. Nikaenda ofisi ya polisi wanaoshughulika na watoto. Kijana wa mezani alinisikiliza nusu, akaweka kalamu chini.

"Mama, mambo ya ndoki haiko ya hapa. Iko ya familia na ya kanisa."

Nilikishusha kifuniko juu ya meza yake. Kikombe chake kiliruka.

"Hii ya familia pia?"

Akakigusa. Akapitisha kidole kwenye saruji. Akanitazama, akamtazama Sifa, akavuta karatasi. "Inaanza namna gani?" akauliza. Nikamwambia haina haja, barua nimekuja nayo imeandikwa tayari, kwa Kifaransa wanachokipenda. Yeye kazi yake ni kupiga muhuri. Alipiga. Nakala moja nikarudi nayo.

Sasa nasaha, mwanangu, maana ndiyo uliyoijia.

Wakikufundisha jambo, usikubali lipitie sikioni tu. Liulize kwa nini mpaka likujibu. Koko alijua kwamba ni hivyo, shule ikanipa kwa nini, na vyote viwili nimempa mtoto wangu. Mtu anayejua kwa nini, hata akiwa mdogo, ataona hatari kabla ya wakubwa, na wakubwa hawatampenda kwa hilo. Aone hivyo hivyo. Aseme hivyo hivyo.

Usimheshimu mtu kwa kiti chake ukimwona anashika mtoto. Heshima ni njema, nimelelewa nayo, bado nampigia magoti mama mkwe wangu. Lakini heshima inayomtaka mama atazame vidole vya miguu wakati binti yake anapelekwa kufungiwa, hiyo si heshima, ni saruji.

Na ukionyesha ukweli kwa macho yao wakakataa, usikae ukilia kwamba hawakuelewa. Walielewa. Peleka ukweli wako mahali ambapo atakayeukataa atalazimika kukataa kwa jina lake na sahihi yake. Watakuita mbishi. Itika. Watasema umevunja familia. Waulize mtoto wako katika familia hiyo ni nani.

Mungu akupe mdomo usiozibika, mwanangu, na masikio ya kumsikia mdogo. Akupe koko wa kukuchomolea kuni kwa wakati. Ukikosa mzee wa kukusemea, akupe magoti ya kusimama mwenyewe. Na watoto wako wawe wasemaji.

Hii ndiyo niliyoipeleka, nimeirudisha kwa Kiswahili ili hata wasiosoma Kifaransa wasomewe.

*Kwa mkuu wa ofisi ya kulinda watoto.*

*Mimi, mama wa mtoto Sifa, mkazi wa komini ya Tshopo, nalalamika rasmi.*

*Kwanza, namlalamikia mkubwa wa ukoo wa mume wangu, kwa kumwita mtoto wa miaka minane ndoki mbele ya watu, na kwa kupanga kumfungia bila chakula wala maji siku ya Jumapili. Sheria ya nchi hii inayolinda watoto inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi. Naomba aitwe kabla ya Jumapili, si baada.*

*Pili, namlalamikia jirani yangu, si kwa kupika lotoko, bali kwa kuziba pipa la moto kwa saruji karibu na watoto, baada ya kuonywa na mimi, na kwa kuacha mtoto abebe kosa lake. Kifuniko chenye saruji nimekileta. Nampa pole kwa majeraha yake na sifuti neno lolote.*

*Tatu, namtaja shefu wa avenyu, ambaye niliripoti kwake kabla ya mkasa na ambaye alikuwepo mtoto alipotishwa. Naomba aulizwe alifanya nini.*

*Pipa lilipasuka kwa sababu mvuke ulikosa pa kutokea. Niko tayari kulieleza hili mbele ya ofisi yoyote, kwa birika na chupa.*

*Sitaki mkutano wa familia. Nataka jibu la maandishi.*

*Na naomba katika hati zenu zote mtoto huyu aandikwe hivi: aliona hatari, akawaambia wakubwa.*

*Mama Sifa.*